Kidudu cha kahawia kwenye mchungwa wa Muheza

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya mdudu kibibi kwenye simu, na swali ni lile lile: “Dada, huyu si aina mpya?” Mdudu mwenyewe huwa anang'aa, weusi umechanganyika na wekundu au manjano mgongoni, ametulia juu ya jani la kunde au la mhindi. Mara nyingi ni Cheilomenes lunata. Huyo alishaandikwa, yaani alielezwa na kupewa jina la kisayansi, na Fabricius, Mdenmaki aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus, yule aliyeweka utaratibu wa majina hayo, mwaka 1775, Seyyid Said hajazaliwa bado.

Nazijibu picha zote. Mtu anayeinama shambani akamtazama mdudu mpaka akampiga picha, huyo ni mwenzangu. Leo nimeona niandike kwa kirefu kwa nini jibu langu karibu kila mara ni “hapana”, na wale wapya hasa wako wapi. Maana wapo, na wapo wengi.

Wadudu kibibi waliokwisha kupewa majina ya kisayansi duniani ni kama spishi 6,000. Ukisikia hivyo unawaza wekundu wenye madoa, 6,000. Sivyo. Sehemu kubwa ya familia hii ni vidudu vya milimita moja hadi tatu, vyeusi au vya kahawia, mwili umefunikwa vinyweleo vifupi, doa hakuna. Wapo wasiofika hata milimita moja. Ukimwona kwenye jani utadhani ni punje ya uchafu, na ukimgusa anakunja miguu anajidondosha chini, humpati tena. Hawa ndio wanaokula wadudu gamba, vidung'ata (wale weupe kama wamepakwa unga), utitiri na nzi weupe. Wale wakubwa wekundu wengi wao wanapenda vidukari, kwa hiyo kazi hii ya kimyakimya wameachiwa wadogo. Na kwa sababu hakuna anayewapiga picha, hao ndio ambao wengi wao hawana majina mpaka leo.

Halafu rangi, kwa wadudu hawa, ni shahidi wa uongo. Ulaya kuna Adalia bipunctata. Anaweza kuwa mwekundu mwenye madoa mawili meusi, na anaweza kuwa mweusi mwenye madoa manne au sita mekundu, na wote hao wanapandana na kuzaa. Wataalamu wa zamani walizipa sura hizo majina chungu nzima. Harmonia axyridis wa Asia ya Mashariki ndiyo kabisa: mmoja wa rangi ya chungwa ana madoa kumi na tisa, mwenzake hana hata moja, mwingine ni mweusi ana mawili mekundu. Huyu alisambazwa Ulaya na Marekani kula vidukari, akageuka kuwa mvamizi anayewamaliza wadudu kibibi wenyeji. Mwaka 2011 ilichapishwa taarifa kwamba yuko Kenya, na baadaye Zanzibar pia, kwa hiyo wenzangu wa pwani, picha zenu za mdudu wa rangi ya chungwa nazitazama kwa makini zaidi kuliko mnavyodhani. Ukifuata rangi, spishi moja utaiona tatu. Ukirudi kwa wale wadogo wa kahawia, spishi kumi utaziona moja.

Niwaambie basi tunavyofanya.

Ukitoka Muheza kupanda Amani, mashamba ya michungwa yanapungua taratibu, unaanza kuona iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga chini ya miti mirefu. Napapenda sana pale mashamba yanapokutana na msitu, kwa sababu wadudu wa msitu hutoka kula shambani na wa shambani hukimbilia msituni wakinyunyiziwa dawa. Vifaa ni vichache. Shuka jeupe la mraba lililotandazwa kwenye fito mbili zilizopishana, fimbo, na kichupa chenye mirija miwili: mmoja unanyonya kwa mdomo, una kitambaa chembamba ndani ili usimeze mdudu, na kwa mwingine mdudu anaingia. Unashika shuka chini ya tawi, unalipiga tawi fimbo mbili tatu kavu, kisha unakuwa mwepesi wa macho na mkono.

Siku hiyo tulikuwa kwenye mchungwa wa mzee mmoja, majani yamejaa wadudu gamba na yule ukungu mweusi unaoota juu ya utamu wanaoumwaga. Mzee akaja na jembe begani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Mnaupigia nini mchungwa wangu, na machungwa hayajaiva?”

Nikamwonyesha kichupa. Akakiinua kwenye jua, akafumba jicho moja. Ndani kulikuwa na vidudu vya kahawia vinazunguka ukutani mwa chupa.

“Hawa wanakula nini?”

“Wanakula hawa wadudu gamba, mzee. Hawa wanaokuletea masizi kwenye majani.”

“Kumbe! Basi usinimalizie. Wengine niachie.”

Tuliwaachia wengi, na tulichukua wachache, wakiwemo madume, kwa sababu bila dume kazi inayofuata huwa ngumu mno.

Maabara, mdudu analainishwa kwenye maji ya uvuguvugu, kisha tumbo linatenganishwa na mwili kwa sindano nyembamba chini ya hadubini. Tumbo hilo linawekwa kwenye mchanganyiko wa potasiamu haidroksidi wa asilimia 10 na kupashwa moto kidogo, mpaka nyama inayeyuka na kubaki sehemu ngumu tu. Unalisuuza, unaliweka kwenye gliserini, na hapo ndipo mdudu anapokwambia yeye ni nani. Dume wa familia hii ana mrija mrefu uliopinda, tunauita sifo, na pembeni yake kifaa kingine chenye ncha ya kati na mikono miwili yenye nywele. Madume wawili ambao kwa nje huwezi kuwatenganisha kwa rangi, kwa ukubwa wala kwa vinyweleo, ukitazama ncha ya sifo mmoja ana ndoano na mwenzake ana kipande chembamba kilichonyooka. Siyo mara moja moja. Ni hivyo katika kila dume wa aina hiyo utakayemfungua, kutoka bonde hili na lile. Hapo unajua kwamba mbele yako kuna aina mbili.

Sijachoka kuitazama hiyo sifo. Nimefanya kazi hii muda mrefu sasa na bado, ninapolizungusha tumbo kwenye gliserini na ule mrija ukatokea mzima, haujavunjika, nafurahi waziwazi mpaka vijana wa maabara wanageuka.

Kuna alama nyingine pia, na sizidharau. Idadi ya pingili za vipapasio. Mstari uliopinda kwenye pingili ya kwanza ya tumbo, nyuma ya miguu: katika jenasi Scymnus, kundi dogo la Pullus lina mstari uliozunguka ukafunga, na katika Scymnus wenyewe mstari unakatika kabla ya kufunga. Nyayo zinazoonekana kuwa na pingili tatu, kumbe ni nne, ya tatu ni ndogo imejificha ndani ya tundu la ya pili. Siku hizi tunasoma pia kipande cha DNA, ile jeni ya COI ambayo kipande chake cha kawaida kina herufi 658. Inasaidia sana, hasa kuunganisha lava na mzazi wake, maana lava wa wadudu wengi kati ya hawa hajulikani ni wa nani. Lakini kipande hicho peke yake hakikupi jina. Kinakwambia hawa wanatofautiana. Jina linabaki swali lake.

Na jina ndiyo sehemu ngumu.

Watu wanadhani aina mpya hugunduliwa msituni. Msituni unamkamata tu. Unaigundua mezani, siku utakapomaliza kuthibitisha kwamba hakuna mtu aliyewahi kuiandika kabla yako, popote, kwa lugha yoyote. Kwa wadudu kibibi maana yake ni kurudi hadi kitabu cha Étienne Mulsant wa Lyon kilichotoka mwaka 1850, ambamo mamia ya spishi za dunia nzima zimepewa majina. Kisha George Robert Crotch wa Cambridge, aliyetoa mapitio yake ya familia nzima mwaka 1874 na kufariki mwaka huo huo huko Philadelphia, akiwa na umri wa miaka 32. Mulsant aliwahi kufanya kazi maktaba ya mji wake, Crotch maktaba ya chuo kikuu chake, na mimi naona inaendana: kazi hii inamtaka mtu anayeweza kukumbuka kitu kimewekwa rafu gani.

Kwa Afrika Mashariki yuko Julius Weise, mwalimu wa shule wa Berlin. Msafara wa Waswidi ulioongozwa na Yngve Sjöstedt ulikusanya wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, na wadudu kibibi wao ndiye aliyewaandika. Kwa upande wa Congo kuna Leopold Mader, aliyewaandika wale waliokusanywa katika Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Baada yake akaja Helmut Fürsch, Mjerumani, ambaye kwa miongo mingi aliwafungua na kuwachora vidudu vidogo vya Afrika, sifo kwa sifo. Bila michoro ya Fürsch wengi wetu tusingekuwa na pa kuanzia.

Waliotangulia hawakuchora. Maelezo mengi ya karne ya 19 ni mistari michache ya Kilatini: mdogo, mviringo, mweusi, ana vinyweleo, miguu ya kahawia. Mistari hiyo inamfaa kila mdudu aliyekuwa kwenye kichupa changu siku ile. Ndiyo maana kila jina limefungwa kwa mdudu mmoja halisi, mwenye lebo nyekundu, aliyechomwa pini na kuhifadhiwa kabatini. Ukitaka kujua jina ni la nani hasa, lazima umwone yeye, si maneno. Na hao wenye lebo nyekundu waliotoka Usambara, Kilimanjaro, Ituri na Ruwenzori wako Berlin, Stockholm, Munich, London na Tervuren. Mdudu aliyekamatwa saa chache tu kutoka nyumbani kwetu, mtu wa hapa akitaka kumwona lazima aombe viza, au aombe picha kwa mtunza makabati na asubiri. Watunzaji wengi niliowaandikia wamekuwa wakarimu sana, picha zinakuja safi, wengine wanakubali hata kumfungua mdudu wa zamani. Lakini naamini kabisa kwamba lebo nyekundu za aina zitakazoandikwa sasa zinapaswa kubaki huku, Nairobi, Dar es Salaam, Arusha, ili mwanafunzi wa Tanga apande basi tu.

Kidudu changu cha kwenye mchungwa kina urefu wa milimita 1.8, kahawia iliyokolea, ukingo wa nyuma wa mabawa magumu umepauka. Kwa mstari wa tumbo ni Pullus. Ncha ya sifo yake haifanani na mchoro wowote wa Fürsch nilioupata. Nimekwisha linganisha na picha za baadhi ya wale wa Weise. Wamebaki wengine, na mpaka wote niwe nimewaona, kwenye lebo yake nitaendelea kuandika jenasi, kisha “sp.” na nukta, yaani spishi ambayo jina lake bado halijajulikana.

Sasa kuna anayeniuliza, tena kwa haki: ya nini taabu yote hiyo, na mdudu anakula wadudu gamba awe na jina asiwe nalo?

Niwapeleke Saint Helena. Ni kisiwa kidogo katikati ya Atlantiki ya Kusini, kile kile Waingereza walikomfungia Napoleon, na miaka mia baadaye wakampeleka Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar. Kisiwa hicho kina mti wake, gumwood, wa jamii ya alizeti, ambao hauoti kwa asili mahali pengine popote duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki, wenye miti kama 2,500 tu, ulikutwa umeshambuliwa na Orthezia insignis, jamaa wa wadudu gamba anayetoka Amerika ya kitropiki, ambaye huku kwetu anajulikana kwa kushambulia lantana na jakaranda. Miti ikaanza kukauka. Dawa ya kunyunyizia haikufaa, kwa sababu kisiwa kile kina wadudu wake wa pekee ambao nao wangekufa.

Afrika Mashariki ilikuwa na jibu. Mwaka 1908 mdudu kibibi mdogo wa jenasi Hyperaspis alichukuliwa Mexico akapelekwa Hawaii kumla Orthezia, na alifanya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akaletwa Kenya, na baadaye nchi jirani. Miaka yote hiyo, kwenye vitabu na ripoti, aliitwa Hyperaspis jocosa. Watafiti walipojiandaa kumpeleka Saint Helena ikabidi wamchunguze upya, wakafungua, wakalinganisha. Hakuwa jocosa. Alikuwa Hyperaspis pantherina, aina ambayo Fürsch aliipa jina mwaka 1975. Jocosa ni mdudu mwingine.

Fikiria uzito wake. Kabla ya kumwachia mdudu mgeni kisiwani unatakiwa kujua anakula nini na hali nini, anataga wapi, anakua kwa muda gani. Unafungua kumbukumbu zote zilizoandikwa chini ya jina lake. Jina likiwa si lake, unasoma maisha ya mdudu mwingine na kuyategemea. Waliposhika jina sahihi walijua wanayemchunguza ni yupi: jike wake hutaga yai moja moja, karibu daima mgongoni mwa Orthezia jike aliyekomaa, na lava wachanga huingia kwenye mfuko wa mayai wa windo na kuanzia kula humo. Mdudu wa namna hiyo amefungwa kwa chakula chake.

Mwaka 1993 walisafirishwa kutoka Kenya. Waliofika hai walikuwa 80 hivi. Wakazalishwa huko huko kisiwani mpaka wakawa maelfu, wakaachiwa kwenye gumwood, na kufikia katikati ya muongo ule Orthezia akawa si tishio tena. Miti ile ipo hadi leo. Ni moja ya mara chache ambapo mdudu wa kudhibiti wadudu aliokoa spishi ya mti wa porini isitoweke, na alitokea Kenya. Nashangaa hatuwafundishi watoto habari hii shuleni.

Wenzetu wa Congo wanajua upande wa pili wa jambo hili kwa njaa. Kidung'ata wa muhogo alionekana kwao mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaandikwa rasmi mwaka 1977 kwa jina Phenacoccus manihoti. Watu wakaenda kaskazini mwa Amerika Kusini kutafuta adui zake, wakamkuta kidung'ata anayefanana naye, wakachukua maadui wa huyo, na kwa Afrika hawakufaa kitu. Kumbe ni spishi nyingine, ikapewa jina lake mwaka 1981, herreni. Mwaka huo huo kidung'ata mwenyewe akapatikana Paraguay, na nyigu mdogo aliyetoka huko ndiye aliyeokoa muhogo wa Afrika. Wadudu kibibi nao waliletwa, mmojawapo Diomus hennesseyi, ambaye hata jina hakuwa nalo mpaka Fürsch alipomwandika mwaka 1987.

Juu ya upangaji wa familia nzima sitasema mengi, maana unabadilika. Sasaji wa Japani aliigawa mwaka 1968 katika nusufamilia sita. Mwaka 2011 kazi ya DNA ikazipunguza hadi mbili, na mwaka 2021 nyingine ikasema tatu. Hata yule mdudu kibibi mashuhuri aliyeokoa michungwa ya California baada ya kuletwa kutoka Australia mwaka 1888, aliyekuwa Vedalia kwa Mulsant, kisha Rodolia kwenye vitabu tulivyosomea, tangu mwaka 2020 ni Novius. Wanafunzi hulalamika. Mimi nafurahi, kwa sababu kila badiliko maana yake kuna mtu alikaa akatazama tena.

Basi mnaonitumia picha, endeleeni, ila nina ombi. Tazameni pia vile vidudu vidogo kwenye michungwa, mihogo na mipapai yenye vidung'ata. Ukikuta wa kahawia wanakula, usimchukue mmoja. Chukua kumi hivi, ili dume asikosekane, na kama kuna lava wachukue nao. Watie kwenye kichupa chenye spiriti kali. Kama ni ndani ya hifadhi usiguse kitu bila kibali. Kisha wapeleke idara ya wadudu ya makumbusho au chuo kilicho karibu nawe. Ndani ya kichupa, siyo nje, weka kikaratasi: kijiji na wilaya, mwinuko kama simu yako inauonyesha, tarehe, mti gani, walikuwa wanakula nini, na jina lako. Andika kwa penseli, maana wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti.